Kidonge Kisicho na Dawa na Haki ya Mama Mjamzito

Ni mabishano machache ya maadili ya tiba yaliyowagawa wataalamu kwa ukali kama yale yaliyozuka mwaka 1997 kuhusu wajawazito wenye virusi vya UKIMWI, yaani VVU, waliokuwa wakiandikishwa katika majaribio ya dawa mijini Abidjan, Bangkok, Kampala, Dar es Salaam, Soweto na Durban, kisha wakagawanywa kwa kura, baadhi yao wakapewa dawa ya kumkinga mtoto na wengine wakapewa kidonge chenye umbo na rangi ile ile lakini kisicho na dawa yoyote ndani yake. Kidonge cha namna hiyo wataalamu hukiita plasebo. Faida yake katika utafiti ni kwamba mgonjwa hajui alichopewa, na mara nyingi hata daktari anayemhudumia hajui, hivyo tofauti inayoonekana mwishoni baina ya makundi haiwezi kuhusishwa na matumaini ya mgonjwa wala upendeleo wa daktari, bali na dawa yenyewe. Pale ambapo ugonjwa hauna tiba inayojulikana, mbinu hii haileti ubishi mkubwa. Ubishi wa mwaka 1997 ulitokana na ukweli kwamba njia ya kuzuia maambukizi ya mama kwa mtoto ilikuwa imekwisha kupatikana, na kila aliyepanga majaribio hayo alilijua jambo hilo.

Njia hiyo ilithibitishwa na jaribio lililojulikana kwa namba yake, 076, ambalo lilifanyika Marekani na Ufaransa na kusimamishwa kabla ya wakati wake Februari 1994, baada ya bodi iliyokuwa ikiyafuatilia matokeo kuona kwamba isingekuwa haki kuendelea kuwanyima dawa wanawake wa kundi la plasebo. Katika kundi hilo mtoto mmoja kati ya kila wanne alikuwa ameambukizwa, sawa na 25.5%, ilhali kati ya watoto ambao mama zao walipewa dawa ya AZT walioambukizwa walikuwa 8.3% tu, punguzo la takriban theluthi mbili. Kabla mwaka huo haujaisha, mamlaka za afya za Marekani zilikuwa zimekwisha kupendekeza kwamba wajawazito wote wenye VVU wapewe AZT, na tangu hapo hakuna kamati ya maadili nchini humo ambayo ingeliruhusu jaribio la kumpa mjamzito kidonge kitupu.

Inafaa kuutazama utaratibu wa 076 kwa karibu, kwa kuwa ugumu wa kuuhamishia katika hospitali za Afrika ndio uliojengewa hoja zote zilizofuata. Mama alianza kumeza AZT kati ya wiki ya 14 na ya 34 ya ujauzito, mara tano kila siku, hadi siku ya kujifungua. Uchungu ulipoanza aliwekewa dripu ya dawa hiyo hiyo, kwa kipimo kikubwa katika saa ya kwanza na kipimo kidogo kila saa iliyofuata, mpaka mtoto atoke. Mtoto naye, saa nane hadi kumi na mbili baada ya kuzaliwa, alianza kupewa AZT ya maji kila baada ya saa sita, usiku na mchana, kwa wiki sita mfululizo, na wakati wote huo hakunyonyeshwa, kwa sababu maziwa ya mama hubeba virusi. Utaratibu huo unahitaji mama aanze kliniki mapema, apimwe, apewe majibu na ushauri, na ajifungulie mahali penye mhudumu awezaye kuweka na kusimamia dripu, kisha arudi nyumbani kwenye maji salama na pesa za maziwa ya kopo. Dawa peke yake iligharimu takriban dola 800 za Marekani kwa mama mmoja na mtoto wake, kiasi ambacho kwa nchi nyingi kusini mwa Jangwa la Sahara kilizidi kwa mbali mno bajeti ya afya ya mtu mmoja kwa mwaka.

Kwa hiyo wataalamu waliokutana Geneva Juni 1994 chini ya Shirika la Afya Duniani walikubaliana kwamba nchi maskini zinahitaji utaratibu mfupi na rahisi zaidi, na kwamba njia ya haraka na ya uhakika ya kuupata ni kulinganisha dawa ya muda mfupi na plasebo. Lugha ya makubaliano kama hayo huwa ya kiufundi, lakini maana yake wodini ilikuwa wazi. Watoto kadhaa wa kundi la kulinganisha wangezaliwa na virusi ambavyo dawa iliyokuwa ikijulikana ingeweza kuvizuia.

Mwaka 1997 madaktari wawili wa Marekani, Peter Lurie na Sidney Wolfe, waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kati ya majaribio 18 ya aina hiyo yaliyokuwa yakiendelea au kupangwa, 15 katika nchi zinazoendelea yaliwaacha baadhi ya wanawake bila dawa yoyote ya kuvidhibiti virusi, wakati mengi yao yalilipiwa na serikali ya Marekani yenyewe. Marcia Angell, aliyekuwa mhariri mtendaji wa jarida hilo, alikwenda mbali zaidi na kuukumbusha umma juu ya Tuskegee, mji wa Alabama ambako kati ya 1932 na 1972 idara ya afya ya Marekani iliwafuatilia takriban wanaume 400 weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana kila mahali. Neno hilo lilichoma, kwani miezi minne tu iliyotangulia Rais Bill Clinton alikuwa amewaomba radhi manusura wa Tuskegee kwa niaba ya taifa. Wanasayansi wawili maarufu, David Ho na Catherine Wilfert, walijiuzulu katika bodi ya wahariri ya jarida hilo kupinga ulinganisho huo, nao wakuu wa taasisi mbili za serikali zilizohusika, Harold Varmus na David Satcher, wakajibu katika jarida lile lile wakiyatetea majaribio.

Utetezi wao haukuwa mwepesi, na msomaji wa Afrika Mashariki anastahili kuupata kwa ukamilifu, kwa kuwa sehemu yake ilitoka kwa madaktari wa eneo hili. Hoja ya kwanza ilihusu kunyonyesha. Jaribio la 076 halikuwajumuisha akina mama wanyonyeshao, na katika jamii ambamo karibu kila mtoto hunyonya hakuna aliyejua kama faida ya AZT ingebaki pale pale au ingeyeyuka kadiri mtoto anavyoendelea kunyonya. Hoja ya pili ilihusu usalama, kwa sababu AZT huudhuru uboho wa mifupa na kupunguza damu, na wajawazito wengi wa ukanda wa malaria tayari wana upungufu wa damu. Ya tatu ilikuwa ya kihesabu: tofauti kati ya dawa na kidonge kitupu, kama ipo, huonekana kwa watu wachache na kwa muda mfupi, ilhali kuthibitisha kwamba dawa fupi inakaribiana na ndefu huhitaji watu wengi zaidi. Edward Mbidde, aliyeongoza kamati ya utafiti wa UKIMWI ya Taasisi ya Saratani ya Uganda, aliongeza hoja ya utaifa na heshima, kwamba tafiti hizo ni za Waganda, zinafanywa na Waganda kwa manufaa ya watu wao, na si kazi ya watu wa mbali kuwaamulia Waganda lililo la maadili kwao. Hoja hiyo ina uzito wake. Mara nyingi Mwafrika huingizwa katika mijadala ya maadili kama mtu wa kuhurumiwa tu, huku daktari wa hospitali ya Mulago au Muhimbili, anayewaona wagonjwa wake wakizikwa, akichukuliwa kana kwamba hana dhamiri yake mwenyewe.

Hoja iliyobaki ndiyo iliyokuwa na tatizo, nayo ndiyo iliyobebeshwa mzigo mkubwa kuliko zote. Watetezi walisema kwamba mwanamke wa kundi la plasebo hakunyang'anywa kitu, kwa kuwa asingeandikishwa katika jaribio bado asingepata dawa yoyote, na kwamba kila jaribio linapaswa kupimwa kwa kiwango cha matunzo cha mahali linapofanyika, yaani huduma ambayo mgonjwa wa hapo huipata kwa kawaida. Kasoro ya hoja hii ni kwamba inauchukulia umaskini wa dawa kama hali ya hewa ya nchi, jambo lililopo tu na lisilo na mwenyewe, wakati ukosefu huo ulikuwa na chanzo kinachojulikana. AZT ilitengenezwa kwanza mwaka 1964 na Jerome Horwitz kwa fedha za umma za utafiti wa saratani, na iliporuhusiwa Marekani mwaka 1987 kama dawa ya UKIMWI, kampuni ya Burroughs Wellcome iliipangia bei ya maelfu ya dola kwa mgonjwa kwa mwaka. Hiyo ilikuwa bei iliyoamuliwa na watu mezani. Ushahidi wa kwamba ingeweza kuamuliwa vingine ulikuja Februari 2001, pale kampuni ya Cipla ya India ilipojitolea kuyauzia mashirika ya misaada mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka, katika soko ambalo dawa za namna hiyo ziliuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Ikiwa bei iliyopangwa katika nchi tajiri ndiyo inayomkosesha mama wa Temeke dawa, kisha ukosefu huo unageuzwa kuwa sababu ya kumpa kidonge kitupu katika utafiti unaolipiwa na nchi hiyo hiyo tajiri, basi neno "kiwango cha mahali" linaficha zaidi ya linavyoeleza.

Tena, haikuwa kweli kwamba njia nyingine haikuwapo. Nchini Thailand timu iliyoongozwa na Marc Lallemant iliandikisha wanawake 1,437 na kuwapa wote AZT, ikilinganisha vipindi virefu na vifupi kwa mama na kwa mtoto, bila kundi la plasebo. Jaribio hilo lilitoa majibu ambayo yale ya plasebo yasingeweza kuyatoa, yaani ni wiki gani hasa za dawa zinazomwokoa mtoto. Kundi lililopewa dawa kwa muda mfupi pande zote mbili lilisimamishwa katikati ya jaribio, baada ya kuonekana kwamba maambukizi yake yalikuwa 10.5% yakilinganishwa na 4.1% katika kundi la muda mrefu.

Hata hivyo haki inadai isemwe pia kwamba jaribio la plasebo ndilo lililowahi kuleta jawabu. Februari 1998 matokeo ya Bangkok yalitangazwa: AZT iliyoanzwa katika wiki ya 36 ilipunguza maambukizi kutoka 18.9% hadi 9.4% kwa watoto wasionyonyeshwa, na mara moja makundi ya plasebo yakafungwa katika majaribio mengine. Miongoni mwa yaliyobadilishwa ni lile lililoitwa PETRA, lililowahusisha wanawake wa Dar es Salaam, Kampala, Soweto na Durban, na lile la Hospitali ya Mulago ambalo baadaye lilionyesha kwamba kidonge kimoja tu cha nevirapini mwanzoni mwa uchungu, pamoja na tone kwa mtoto ndani ya siku tatu, kilishusha maambukizi hadi 13.1% katika miezi ya mwanzo, wakati watoto wa kundi la AZT fupi walioambukizwa walikuwa 25.1%. Gharama yake ilikuwa takriban dola 4. PETRA nayo ilitoa funzo chungu. Katika wiki ya sita mchanganyiko wa dawa mbili ulioanzwa wiki ya 36 ulikuwa umeshusha maambukizi hadi 5.7%, lakini watoto walipofikisha miezi 18, wengi wakiwa wamenyonyeshwa, kiwango kilikuwa kimepanda hadi 15%. Dawa iliyomlinda mtoto tumboni na njiani ilikuwa imekoma wakati hatari ya kunyonya ingali inaendelea.

Suala la ridhaa lilipewa nafasi ndogo kuliko lilivyostahili katika mabishano hayo. Ridhaa katika utafiti maana yake ni mtu kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa na kuelewa atakachofanyiwa, hatari zake, na haki yake ya kukataa bila kupoteza huduma. Mjamzito aliyefika kliniki kupimwa uzito na kuchomwa sindano ya pepopunda aliambiwa, mara nyingi ndani ya siku chache, kwamba ana virusi visivyo na tiba, kwamba huenda mtoto naye ataambukizwa, na kwamba upo mpango wa dawa anaoweza kujiunga nao. Katika hali ya mshtuko wa namna hiyo, akiwa bado hajui atamwelezaje mume wake, alisomewa fomu na muuguzi anayevaa sare ile ile ya wauguzi wanaomtibu kila siku, akaelezwa kwamba kura ndiyo itakayoamua apate nini. Gazeti la The New York Times liliripoti kutoka Abidjan mwaka huo huo wa 1997 kwamba baadhi ya wanawake walioandikishwa hawakuwa wameelewa kwamba sehemu yao hawapewi dawa yoyote. Jambo hilo halishangazi, kwani dhana ya kwamba daktari mwenye koti jeupe hospitalini anaweza, kwa nia njema, kumpa mgonjwa kidonge kitupu inapingana na kila kitu alichofundishwa mgonjwa huyo kuhusu hospitali. Kidole cha gumba kilichopigwa kwenye wino huthibitisha kwamba fomu ilisomwa. Uelewa unapaswa kuthibitishwa kwa njia nyingine, kwa mfano kumwomba mama aeleze kwa maneno yake mwenyewe kitakachompata, na kumpa siku kadhaa aende akarudi.

Lakini lililo zito kuliko plasebo na kuliko ridhaa ni kwamba pande zote mbili za mabishano zilimjadili mtoto. Walibishana ni watoto wangapi waliambukizwa na wangapi wangeokolewa, na mama akabaki kuwa njia ambayo virusi au dawa hupitia. Katika karibu kila jaribio la wakati ule, mama aliyejifungua salama, hata yule aliyekuwa katika kundi lililopewa dawa, alirudi nyumbani na virusi vyake bila tiba ya maisha yake mwenyewe, ingawa tangu mkutano wa Vancouver wa Julai 1996 ilikuwa ikijulikana kwamba mchanganyiko wa dawa tatu unaweza kumrudisha mgonjwa kazini. Mwaka 1985 Allan Rosenfield na Deborah Maine walikuwa wamekwisha kuuliza katika The Lancet mama yuko wapi katika programu zinazoitwa za afya ya mama na mtoto. Miaka kumi na miwili baadaye swali hilo lilikuwa bado halijapata jawabu, na kumwokoa mtoto ili awe yatima akiwa na miaka mitano kukahesabiwa kuwa ushindi wa utafiti.

Nevirapini ilidhihirisha gharama ya kumsahau mama. Dozi moja peke yake hukaa mwilini kwa siku nyingi kwa kiwango kidogo kisichotosha kuviua virusi vyote, na vinavyosalia hujifunza kuistahimili dawa, hali inayoitwa usugu. Dawa hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa mchanganyiko wa bei nafuu wakati tiba ya bure ilipoanza kutolewa katika hospitali za umma za Tanzania na Uganda mwaka 2004. Utafiti wa Thailand uliochapishwa mwaka huo ulionyesha kwamba baada ya miezi sita ya tiba yenye nevirapini, wanawake waliowahi kupewa dozi ile wakati wa kujifungua walifanikiwa kuvidhibiti virusi kikamilifu kwa 49%, ilhali wale ambao hawakuwahi kuipata walifikia 68%. Jaribio jingine lililohusisha vituo vya Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2010, lilithibitisha kwamba wanawake wa namna hiyo walihitaji kuanzishiwa dawa nyingine, iliyokuwa ghali zaidi. Kwa maneno mengine, baadhi ya akina mama walilipia usalama wa watoto wao kwa sehemu ya tiba yao ya baadaye, na si wengi walioambiwa kwamba bei hiyo ilikuwapo. Ni Malawi, nchi maskini isiyokuwa na mashine za kutosha za kupimia kinga ya mwili, iliyoamua mwaka 2011 kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa tatu kwa maisha yake yote, na Shirika la Afya Duniani likaufuata mwelekeo huo miaka miwili baadaye.

Azimio la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililipitisha mwaka 1964 kama mwongozo wa utafiti unaohusisha binadamu, liliandikwa upya mwaka 2000 kwa sehemu kutokana na mabishano haya, likisisitiza kwamba mshiriki apewe njia bora iliyothibitishwa na kwamba jaribio likiisha apate dawa iliyoonekana kufaa. Miaka miwili baadaye maelezo ya nyongeza yalifungua tena mlango wa plasebo pale panapokuwa na sababu nzito za kisayansi, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliacha kabisa kulitumia azimio hilo kama sharti la majaribio yanayofanyika nje ya nchi hiyo. Ulinzi uliopatikana kwa taabu ulilegezwa, kwa sehemu na serikali ile ile iliyolipia nyingi ya tafiti zilizouleta.

Jaribio la karibuni la sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka kumkinga mtu na VVU, linaonyesha yaliyobadilika na yaliyosalia. Lilifanyika Uganda na Afrika Kusini kwa zaidi ya wanawake 5,300 wa umri wa miaka 16 hadi 25, halikuwa na kundi la plasebo kwa kuwa vidonge vya kinga vilikuwapo, na waliopata mimba katikati ya jaribio waliruhusiwa kuendelea badala ya kuondolewa kama ilivyokuwa desturi. Kati ya wanawake 2,134 waliochomwa sindano hiyo hakuambukizwa hata mmoja, na matokeo yakatangazwa Juni 2024. Mwaka mmoja baadaye dawa iliidhinishwa Marekani kwa bei inayozidi dola 28,000 kwa mwaka, huku makubaliano yaliyotangazwa Septemba 2025 yakiahidi toleo la takriban dola 40 kwa nchi maskini kuanzia 2027. Kati ya tangazo la matokeo na bei hiyo kuna takriban miaka mitatu, na katika kipindi hicho wasichana wengi wa maeneo yale yale yaliyotoa washiriki wa jaribio waliachwa wakikabiliwa na hatari ile ile iliyofanya maeneo hayo yachaguliwe. Kamati ya maadili inayoletewa leo ombi la jaribio jipya inaweza kudai, kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa, mkataba unaotaja tarehe ambayo dawa itafika katika zahanati za wilaya husika, bei yake, jina la atakayeilipia, na matibabu ambayo mwanamke mwenyewe atayapata ikiwa atashika mimba au ataugua katikati ya safari.